Mdomo Wangu, Sauti ya Wifi

Nyumbani kwetu, chini ya soko la Tukuyu ukishuka kuelekea mtoni, tulikuwa watu watatu, na wawili kati yetu walikuwa hawatazamani. Si kwamba waligombana. Wangegombana ingekuwa afadhali, maana ugomvi una siku yake ya kwisha. Mmoja alikuwa baba yangu na mwingine alikuwa mke wa kaka yangu, na kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto hamtazami baba mkwe wake usoni, hasemi naye, hataji jina lake, wala hapiti mahali alipo. Akimwona anakuja njiani, anaingia migombani mpaka mzee apite. Mzee naye akitaka kwenda uani anakohoa kwanza, mwenzake apate nafasi ya kujificha. Kuna watu wanasema mila hiyo imekwisha siku hizi. Kwa baba yangu, mzee wa kanisa na mtu wa kunyoosha shati hata la kulimia, haikuwa imekwisha hata kidogo.

Kaka mwenyewe hakuwepo. Kiwanda cha chai kilipopunguza watu, yeye alikuwa wa kwanza kupunguzwa, akaenda Dar kujaribu biashara, kama nusu ya vijana wa mtaa wetu. Barua ya kwanza ilisema anauza mikanda na vitana Kariakoo. Ya pili ilisema biashara ni ngumu. Ya tatu hatujaiona mpaka leo. Mama alikuwa ameshafariki nikiwa darasa la tano. Kwa hiyo ukiondoa kuku, kiumbe pekee aliyeruhusiwa kusema na kila mtu pale nyumbani nilikuwa mimi, msichana wa kidato cha tatu mwenye mdomo ambao walimu walikuwa wameshaukatia tamaa.

Kazi yangu ilikuwa kubeba maneno. Wifi anakaa jikoni, nyumba ya uani. Baba anakaa barazani. Mimi katikati.

"Mwambie baba chakula tayari."

"Baba, chakula tayari."

"Mwambie nashukuru. Mwambie maharage ya jana yalikuwa na mawe."

"Wifi, baba anasema maharage ya jana yalikuwa matamu, hasa yale mawe."

Nilikuwa naongeza chumvi, nakiri. Mjumbe ambaye haongezi chumvi ni bahasha. Siku moja nilimwambia wifi kwamba baba anaomba aimbe kwa sauti kubwa zaidi anapoosha vyombo, eti kuku wanataga vizuri wakisikia. Masikini wifi, akaimba kwa sauti. Nikakaa nasubiri baba akasirike nicheke. Baba hakukasirika. Alichukua kiti chake, akakihamishia upande wa dirisha, akaendelea kusoma gazeti la mwezi uliopita. Utani wangu ukafia hapo.

Wifi alikuwa na sauti, jamani. Kwao Kisondela alikuwa anaongoza kwaya. Alipoolewa akaacha, kwa sababu kanisani kwetu kwaya inasimama ikitazamana na benchi la wazee, na kwenye benchi la wazee yupo nani? Basi. Jumapili alikaa nyuma kabisa, kitenge kimefunika kichwa mpaka nyusi, anaimba kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Usiku tulilala kitanda kimoja, yeye ukutani, mimi nje. Shuleni nilikuwa na darasa zima la kucheka nami na hakuna hata mmoja wa kurudi naye nyumbani. Mtu ukiwa mchekeshaji, watu wanakupenda kama wanavyopenda redio. Wakichoka wanazima. Wifi peke yake ndiye aliyekuwa haniwashi wala hanizimi. Nikimsimulia kituko cha shule alikuwa ananiacha nimalize, halafu anauliza, "Na ya kweli ni ipi?" Nami namwambia ya kweli.

Ndiyo maana nilishtuka siku mjomba wake alipokuja kutoka Kisondela, akakaa jikoni saa nzima, akaondoka bila kunywa chai. Nilimbana wifi kitandani mpaka akasema. Kwao walikuwa wanamtaka arudi. Mume haandiki, mtoto hakuna, anakaa kumlindia nani nyumba? Wifi alimwomba mjomba amwache mpaka masika yaishe ndipo aamue.

"Utaamua nini?" nikauliza.

"Nitaamua masika yakiisha."

"Wifi, masika ya Tukuyu hayaishi. Yanapumzika tu."

Alicheka kidogo, akageukia ukutani. Mimi nikabaki macho. Nikaona kabisa nyumba ile bila yeye: mimi, baba, na mvua juu ya bati. Nikaamua kumtafutia wifi kitu cha kumshika Tukuyu. Nilikuwa sijui ni kitu gani, lakini nilikitafuta.

Kikaja chenyewe. Mke wa daktari wa hospitali ya misheni, sisi wote tulimwita Mama Daktari, alikuwa mzungu mrefu, mpole, ambaye kabla ya kuolewa aliimba kwenye majumba makubwa ya maonyesho huko kwao. Aliimba opera. Mwalimu wetu wa Kiswahili, ambaye pia ndiye aliyepiga kinanda kanisani, alitueleza opera ni nini: mchezo wa kuigiza ambao watu hawasemi, wanaimba. Mtu akitaka chai, anaimba. Akichomwa kisu, anaimba kwanza, ndipo anakufa. Ukipita jioni karibu na nyumba ya Mama Daktari ulimsikia akiimba peke yake na mbwa wake. Sauti ilikuwa kama ya mtu aliyekanyaga kaa la moto, akaona afadhali asimame hapo hapo kuliko kuukatiza wimbo. Watoto walikuwa wanakimbia. Mimi nilisimama siku moja, nikijiandaa kumwigiza darasani kesho yake, nikaona kupitia dirishani kwamba chumba kilikuwa kitupu, viti sita vimepangwa vizuri na hakuna aliyekalia hata kimoja. Nikashindwa kumwigiza. Sijui kwa nini.

Kiswahili chake alikuwa amejifunzia wodini, kwa hiyo kila alipokutana na mtu, hata mwenye afya ya ng'ombe, alimsalimia, "Pole. Unaumwa wapi?"

Yeye na Mwalimu wakapanga onyesho katika ukumbi wa misheni, Jumamosi alasiri. Mama Daktari aimbe nyimbo tano za opera, na kabla ya kila wimbo msomaji mmoja asome kipande cha maandishi kwa Kiswahili, ili watu wajue huyu mama analilia nini, wasidhani anaumwa jino. Mwalimu akaja darasani kutafuta wasomaji. Wenzangu wakajiinamia. Mimi nikanyoosha mkono.

"Wewe hapana," Mwalimu akasema kabla sijafungua mdomo. Darasa likacheka.

"Si mimi, Mwalimu. Kuna mtu nyumbani kwetu anasoma kama redio. Ila haonekani."

"Haonekani kama jini?"

"Haonekani kama mke wa kaka."

Darasa likaangua kicheko, lakini Mwalimu hakucheka. Alikuwa anamkumbuka wifi tangu enzi za kwaya ya Kisondela. Jioni ile ile akaja kwa njia ya uani.

Sitasahau zile wiki tatu. Wifi alikuwa anamaliza kazi mapema, tunapanda pamoja kwenda ukumbini kufanya mazoezi, yeye mbele mimi nyuma, na kitenge kinashuka kidogo kidogo kutoka nyusini mpaka mabegani kadiri tunavyokwenda mbali na nyumbani. Mazoezini baba hakuwepo, kwa hiyo alisimama katikati ya jukwaa kama watu wengine. Alipewa kipande cha mwisho, cha wimbo wa mwanamke ambaye mume amesafiri na yeye amebaki kwa wakwe. Mwalimu ndiye aliyekuwa ameandika maneno ya kusoma. Nyota ya moyo wangu, machozi yangu bahari, mambo kama hayo. Wifi akasoma mara moja, akamrudishia karatasi kwa mikono miwili, na adabu zote.

"Mwalimu, samahani. Huyu mama wa kwenye karatasi hajawahi kungoja mtu."

"Kwa nini?"

"Anayengoja anapika. Hana muda wa bahari."

Mwalimu akamtazama. "Basi andika wewe."

Akaandika kweli, kwenye karatasi za daftari langu la Jiografia. Mama Daktari aliposomewa na kufafanuliwa alimshika wifi mkono, akasema mtu huyu lazima abaki naye, wafanye onyesho lingine mwakani, na lingine tena, waende hata Mbeya. Mimi niliyekuwa nimekaa juu ya benchi nachezesha miguu nikajisemea: amenasa. Haondoki tena huyu.

Kitu kimoja hatukukijua. Mama Daktari, kwa heshima yake, alikuwa amewaandikia barua za mwaliko wazee wote wa kanisa, kwa mkono wake, na akawapangia viti vya mbele kabisa. Sisi tulikuwa tumehesabu kwamba Jumamosi baba yuko Isongole kununua mbegu za viazi, kama kila mwaka. Hatukumwambia kitu. Yeye naye hakutuambia kitu, kwa sababu kwa wifi asingeweza kusema, na kwangu mimi, nadhani, aliogopa nitaongeza chumvi. Akanyoa ndevu, akavaa koti la harusi yake, akapitia njia ya barabarani sisi tukiwa tumetangulia kwa njia ya mtoni.

Pazia la jukwaa lilikuwa mashuka ya hospitali yaliyoshonwa pamoja. Ukiyasogelea yalinuka dawa. Ukumbi ulikuwa umejaa: manesi, wanafunzi, kina mama na vikapu vyao kutoka sokoni, wafanyabiashara wawili watatu wa mitumba waliokuja kuona hiki kitu kipya ni nini. Siku hizo kila kitu kilikuwa ruksa, redio ilisema hivyo, maduka yalisema hivyo, hata opera ikaonekana ni miongoni. Wifi akachungulia kwenye upenyo wa mashuka. Nikaona bega lake likishuka.

"Yupo," akasema.

"Nani?"

Hakujibu. Jina hataji. Nikachungulia mwenyewe, nikamwona baba mstari wa mbele, katikati, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyekuja kupigwa picha ya pasipoti.

Mwalimu akaja mbio. "Kuna nini?"

"Kuna mkwe," nikamwambia.

Mwalimu ni Mnyakyusa. Hakuuliza swali la pili. Alijifuta jasho, akamtazama wifi aliyekuwa ameshafunika kichwa na kukaa chini nyuma ya ngazi za jukwaa. Mama Daktari alikuwa ameshaanza wimbo wa kwanza huko mbele, wimbo wa mjakazi anayemcheka bwana wake, na watu walikuwa wameshaanza kucheka naye, kwa hiyo kuahirisha hakukuwezekana. Kumhamisha mzee wa kanisa kwenye kiti chenye jina lake, hilo nalo nani angejaribu?

Mimi ndiye niliyetoa wazo. Wifi asome akiwa nyuma ya pazia. Mimi nisimame mbele na karatasi nichezeshe mdomo. Kipande chenyewe nilikuwa nimekisikia mara nyingi mpaka nakijua kwa moyo. Sheria ya mila inasema asionekane. Haikusema chochote kuhusu mashuka ya hospitali.

"Utaweza?" wifi akaniuliza. "Bila mchezo?"

"Bila mchezo."

"Niapie."

Nikamwapia kwa kaburi la mama. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Nyimbo nne zikapita. Zamu yetu ikafika. Nikatoka, nikasimama katikati, karatasi mkononi. Kwanza kukawa na mnong'ono, maana nusu ya ukumbi walinifahamu na walikuwa wanasubiri kituko. Kisha sauti ya wifi ikatoka nyuma yangu, tulivu, nami nikafungua mdomo.

"Kila jioni napima unga wa watu wanne, kisha narudisha kidogo debeni, kwa sababu tuko watatu. Mkono bado haujajifunza."

Ukumbi ukatulia. Kweli ukatulia. Hata mtoto aliyekuwa analia alinyamaza. Kila mtu alijua ile si sauti yangu, sauti yangu inafanana na bawaba, lakini hakuna aliyejali.

"Nimeambiwa ningoje, nami si mvivu wa kungoja. Lakini anayengoja mvua hutazama mawingu. Mimi nitazame nini?"

Hapo ndipo nilipomwona mvulana wa darasani kwetu, mstari wa tatu, amenitolea midomo kama bata. Wifi akavuta pumzi. Mimi, kwa kumtazama yule bata, sikuvuta. Midomo yangu ikaendelea peke yake bila sauti. Mtu mmoja akacheka. Halafu watatu.

Ningeweza kuacha pale. Nimeshafikiri sana juu ya hilo, na kila mara jibu ni lile lile, ningeweza. Lakini kicheko kikiniangukia mimi huwa kama nimefunguliwa mlango wa nyumba yenye moto jikoni. Naingia tu. Sauti ikaanza tena, nami nikakuna sikio huku mdomo umefumba. Wakacheka zaidi. Nikapiga mwayo mkubwa katikati ya sentensi ya wifi. Ukumbi ukavunjika. Mfanyabiashara mmoja wa mitumba alikuwa anajipiga mapaja. Nikajifanya samaki, nikajifanya mbuzi anayetafuna, na nyuma yangu maneno yakawa yanaendelea, watu wa nyumba hii ni wema, mzee wa nyumba, na sikuyasikia tena wala hakuna aliyeyasikia.

Kisha nyuma yangu kukawa kimya.

Niligundua kwa kuchelewa. Nilikuwa bado natafuna kama mbuzi. Kicheko kikapungua kutoka mbele kwenda nyuma, kama watu wanaozimiwa taa mstari kwa mstari, kwa sababu baba alikuwa amesimama.

Nikajua ananijia. Kila mtu alijua. Mvulana bata alijishusha kwenye kiti. Lakini baba hata hakunitazama. Alichukua kofia yake chini ya kiti, akamgeukia Mwalimu pale kwenye kinanda, akasema taratibu, kama mtu anayeomba ruhusa kanisani:

"Mwalimu, mimi natoka nje. Asiitwe msomaji mwingine. Asome huyo huyo."

Akapita katikati ya viti, akatoka. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kwetu, nyembamba, isiyo na haraka. Ukumbi ule upande mmoja una madirisha makubwa, na tulimwona wote akizunguka, akaja akasimama chini ya bati, nje ya dirisha la karibu na jukwaa, ametupa mgongo. Bati lenyewe lilikuwa fupi. Mabega ya koti yakaanza kuwa meusi kwa maji.

Mama mmoja mzee aliyekuwa na kikapu cha ndizi akasimama kule nyuma, akalisemesha lile pazia:

"Amekupisha, mwanangu. Si umeona? Toka usome."

Mashuka yakasogea. Wifi akatoka, kichwa wazi. Alinifikia, na sikuthubutu kumtazama.

"Nipishe na wewe," akasema.

Nikashuka. Nikakaa chini, pembeni ya ngazi, ambako hakuna anayeniona.

Akaanza upya, tangu unga wa watu wanne. Alisoma akielekea ukumbini, lakini naamini alikuwa anasomea dirisha. "Watu wa nyumba hii ni wema. Mzee wa nyumba hajawahi kunitukana. Hajawahi kuniita. Kuna siku natamani kuangusha sufuria makusudi, ili aulize, ni nani yuko huko nyuma? Nisijibu. Aulize tu." Ule mgongo wa dirishani haukugeuka. Hata haukutikisika. Ila kofia, aliyokuwa ameivaa kwa ajili ya mvua, nilimwona akiivua.

Mama Daktari akaimba baada ya hapo. Sina utani wa kuuweka hapa. Hatukuelewa hata neno moja na hakuna aliyeuliza maana. Wale kina mama wa vikapu walianza kuitikia kwa chini, ee, ee, kama wanavyomwitikia mtu anayesimulia msiba wake, na Mama Daktari hakukasirika, alipunguza mwendo ili waingie. Alipomaliza alimkuta wifi amelishika pazia kwa mikono miwili. Akamkumbatia, akamuuliza kwa Kiswahili chake kile kile, "Unaumwa wapi?" Na wifi, badala ya kucheka, akafikiri, kama anatafuta mahali penyewe ili amwonyeshe.

Tulirudi kwa njia ya mtoni. Niliomba msamaha mara tatu. Mara ya tatu akasema amesikia tangu ya kwanza.

Asubuhi, kabla ya ibada, baba akaniita barazani. Koti lilikuwa limetundikwa linachuruzika. Alikuwa na sauti ya mafua.

"Kamwambie shemeji yako," akaanza, akakosea, mpaka nikajua hali si ya kawaida. "Kamwambie wifi yako. Nimemsikia. Mwambie mwanangu amekosea, na mimi nimekosea kumlindia kosa lake. Mwambie nyumba hii haimfungi. Akitaka kwenda kwao, aende kwa heshima, mchana, na mambo ya ng'ombe wa mahari yatasemwa na wazee, yeye hayamhusu. Hivyo hivyo. Usiongeze."

"Ndiyo, baba."

"Wala usipunguze."

Kutoka barazani mpaka jikoni ni hatua kama ishirini. Nilisimama kwenye kuni, nikajifanya natafuta kiatu. Mambo yalikuwa wazi kabisa kichwani mwangu. Ningeingia na kusema: wifi, baba anakuomba ubaki. Maneno manne. Angebaki. Angebaki kwa ajili ya ule mgongo uliolowa, namjua. Na asingekuja kujua maisha yake yote, kwa sababu hao wawili hawatasemezana mpaka mmoja amzike mwenzake. Ni nani angenisaliti? Kuku? Nilikuwa nimeshabadilisha maneno mangapi kwa ajili ya kucheka tu, na hapa kwa mara ya kwanza nilikuwa na sababu.

Nilisimama mpaka kengele ya kwanza ya kanisa ikalia.

Nikaingia. Alikuwa anachambua mchele, ametandaza ungo magotini. Nikamwambia yote, kama baba alivyosema, hata pale alipokosea na kusema shemeji.

Akaacha kuchambua. "Ndivyo alivyosema?"

"Ndivyo."

"Hujaongeza?"

"Sijaongeza."

Akanitazama. Halafu, sijui kwa nini, hakuniuliza ya kweli ni ipi. Akatazama ungo wake, akasema, "Mwambie ndaga, asante sana. Mwambie lile koti lisikae kwenye msumari, litaoza. Lilete nilianike juu ya moshi."

Nikalipeleka koti.

Wifi akatuma neno kwao, na mjomba akaja Jumatano kumchukua. Mama Daktari alikuwa ameshakuja Jumatatu kumwomba abaki, ametumia Kiswahili chake chote, na wifi alimwahidi kwamba onyesho likipangwa atapanda kutoka Kisondela kwa miguu. Baba alikuwa ameondoka alfajiri kwenda Isongole kununua zile mbegu za viazi, kwa hiyo wifi alipita mlango wa mbele, akavuka baraza, akasimama kidogo pale kwenye kiti cha dirishani, akatoka. Mimi nilijitwisha godoro lake mpaka barabarani. Pikapu ilikuwa imejaa ndizi na watu. Mjomba akapanda, akapokea godoro, kisha akamvuta wifi kwa mkono.

Njia nzima nilikuwa nimechekesha. Kuhusu godoro, kuhusu mjomba, kuhusu Mama Daktari atakavyomuuliza mbwa wake anaumwa wapi. Wifi alikuwa anacheka vizuri, kwa pumzi, kama mtu aliyeshushiwa mzigo. Dereva akawasha gari. Nikashika ubao wa nyuma.

"Wifi, usiende," nikasema. "Nitabaki na nani?"

Akaangua kicheko. Na wale watu wote juu ya ndizi wakacheka, mjomba naye, kwa sababu nadhani nilikuwa bado na ile sura niliyoizoea, nyusi juu, mdomo upande. Gari likaondoka. Akanipungia mkono huku anajifuta machozi ya kucheka kwa ncha ya kitenge.

Nami nikacheka, nikapunga. Ningefanya nini? Nilibaki pale mpaka pikapu ilipokata kona ya chini kwenye mashamba ya chai, kisha nikarudi nyumbani kuwasha moto, kwa sababu baba angerudi jioni na alikuwa hajala.